Shimo Tulilotoka

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Isaya 51:1-2 na Kumbukumbu la Torati 26:1-13

  

Nabii Isaya alisema na watu waliokuwa wamechoka. Walikuwa wameonja uhamisho wa Babeli, wamepungua, na wengi walijiona si kitu. Kwa watu hao nabii ana neno la ajabu. Anawaambia wale wanaofuata haki na kumtafuta Bwana wageuke watazame nyuma, wauone mwamba walikokatwa na shimo walikochimbwa. Wamtazame Ibrahimu, wamtazame na Sara, jinsi Mungu alivyomwita mtu mmoja akamfanya wengi.

Mtu aliyepata kufika kwenye timbo la mawe anaielewa picha hiyo. Jiwe likiisha kuchongwa na kuwekwa ukutani hupendeza, lakini kule lilikotoka linaacha shimo, vumbi, na maji machafu yaliyotuama. Mgeni akija kwetu tunampeleka kuitazama nyumba. Hakuna ampelekaye mgeni kulitazama timbo. Lakini nabii anasema: litazameni shimo.

Leo, wapendwa, tulitazame shimo hilo katika jamaa zetu.

Kuna jamaa moja hapa Dandora ambayo hatutaitaja jina. Ni watu wa kanisa na wenye heshima mtaani. Mzee wa nyumba alifika Nairobi akiwa kijana, akafanya kazi ya reli na kukaa Makongeni. Baadaye akapata ploti Dandora, akajenga chumba kimoja, kisha cha pili, hata watoto wake wakasoma kwa kodi ya vyumba hivyo. Mjukuu wake ni mhasibu. Mwaka jana ulipelekwa ujumbe Murang'a kumposea mchumba, na sisi tukaalikwa tuandamane nao, kama ilivyo desturi kumwalika kasisi.

Baada ya chai, mzee wa upande wa binti aliuliza lile swali la kawaida: "Sasa wageni wetu, tuambieni ninyi ni akina nani, na mlianzia wapi." Msemaji wa upande wa kijana akasimama, akasafisha koo, akasema kwamba ukoo wao ni wa Kakamega, na ya kuwa babu mkuu alikuwa karani wa Wazungu katika mgodi wa dhahabu wa Rosterman. Wenyeji wakatikisa vichwa kwa heshima, maana karani wa siku zile alikuwa mtu mkubwa.

Palikuwa na nyanya mmoja, binti wa mwisho wa huyo babu mkuu. Umri wake unakaribia miaka 80, na alikuwa amekaa pembeni na mkongojo wake. Hakungoja kupewa nafasi. Akasema, "Baba hakuwa karani. Baba hakujua kusoma. Alikuwa akishuka shimoni na nyundo, na alikufa akikohoa. Mkimfanya karani, mimi je, ni mtoto wa nani?"

Nyumba ikanyamaza. Msemaji akainama, akawa kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Ndipo yule mzee mwenyeji akaweka kikombe chini, akasema, "Asante, mama. Baba yangu mimi alichimba handaki la kuuzunguka msitu wakati wa Hali ya Hatari, kwa kulazimishwa, bila ujira. Neno hili sijapata kulisema mbele ya wageni. Basi leo wamekutana wachimbaji na wachimbaji." Watu wakacheka, na mazungumzo ya mahari yakaendelea vizuri kuliko yalivyoanza.

Lakini nyanya yule hakuwa amemaliza. Tulipokuwa njiani kurudi Nairobi, aliuliza ndani ya gari, "Na yule mjukuu wangu mwingine, anayeokota chuma kule kwenye jaa la taka, mbona hakuambiwa juu ya safari hii?" Hakuna aliyemjibu. Swali hilo tulikuja nalo mpaka Dandora, na ndilo tunalowaletea ninyi leo.

Kwanza tumtazame yule babu, maana hatumwoni vema mchimbaji wa leo kama hatukumwona wa zamani.

Dhahabu ilipatikana Kakamega mwaka 1931. Ulimwengu ulikuwa katika dhiki ya biashara, bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na walowezi wengi walikuwa na madeni. Wakakimbilia huko na mahema na karai za kuchekechea mchanga wa mito. Ardhi ile ilikuwa imejaa watu, mashamba na makaburi ya wazee. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria kwamba ardhi ya wenyeji ni yao daima, na kama sehemu itachukuliwa kwa kazi ya umma, sehemu nyingine ya ukubwa uo huo itatolewa badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria ile ilibadilishwa upesi, mnamo Desemba 1932, ili ardhi ya migodi itwaliwe na mwenyewe alipwe fedha tu. Ahadi ya daima ilidumu miaka miwili.

Tunamshukuru Mungu kwamba Kanisa halikunyamaza lote. Archdeacon Walter Edwin Owen, mmisionari wa C.M.S. aliyesimamia kazi ya Kanisa huko Kavirondo, aliandika barua nyingi katika magazeti ya Uingereza kuitetea haki ya wenyeji. Baadhi ya walowezi walimchukia hata wakaligeuza jina la cheo chake wakamfanya mkuu wa mashetani. Yeye aliendelea kuandika. Tunalitaja jambo hili ili tujue kwamba kumtetea mchimbaji ni kazi ya zamani ya Kanisa, wala si siasa mpya ya makasisi wa siku hizi.

Baada ya wale wa mahema ikaja kampuni. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1952. Maelfu ya vijana wa Kiafrika walifanya kazi katika migodi ya sehemu zile. Kilichowapeleka wengi wao kilikuwa kodi ya kibanda, kwa sababu mkoloni alitaka fedha, wala hakupokea kuku wala mtama. Kijana alivaa kipande chake shingoni, akaenda kuandikishwa.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Dhahabu ya pale imejificha ndani ya mishipa ya jiwe gumu jeupe liitwalo kwatsi. Mtu hushuka chini ya ardhi, hutoboa mwamba, baruti hupasuliwa, kisha mawe hupandishwa juu yasagwe. Kila jiwe linapovunjwa hutoa vumbi jembamba kuliko unga. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Hukaa humo miaka mingi likiyakausha, mpaka mtu anashindwa kupanda hata kilima cha nyumbani kwake. Waganga huuita ugonjwa huo silikosisi, na mara nyingi hujitokeza muda mrefu baada ya mtu kuiacha kazi. Hivyo kampuni inaweza kuwa imefunga vitabu vyake na kwenda zake, huku mzee angali akiulipa mgodi kwa pumzi yake.

Ayubu katika sura ya 28 anawasifu wachimbaji kwa namna ya ajabu. Anawaonyesha wakining'inia mbali na watu, wakipasua mwamba, wakileta nuru mahali ambapo hata jicho la tai halijapaona. Kisha anauliza hekima inapatikana wapi, kwa kuwa haimo shimoni wala hainunuliwi kwa dhahabu. Jibu lake ni kwamba hekima ni kumcha Bwana na kujitenga na uovu. Mwanadamu anaweza kujua mahali dhahabu ilipo futi mia chini ya ardhi, asijue thamani ya mtu anayeichimba.

Wala haya ya kuwa mtoto wa mchimbaji si ya Waafrika peke yao. Uingereza, ambako wengi wa wamisionari wetu walitoka, utajiri wake mkubwa ulitoka kwenye makaa ya mawe, na meli za moshi zilizowaleta zilikwenda kwa makaa hayo. Aliyeyachimba hakuwa bwana mkubwa. Walishuka wanaume, na katika sehemu nyingine wanawake na watoto pia. Tarehe 4 Julai 1838, katika mgodi wa Huskar karibu na kijiji cha Silkstone, mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia njia ya chini, na watoto 26 wakafa. Mdogo wao alikuwa na miaka 7. Walizikwa katika uwanja wa kanisa la Anglikana la kijiji, na hapo likawekwa jiwe lenye majina yao na umri wao. Habari zao zilisikika nchi nzima, tume ikaundwa kuchunguza kazi ya watoto, na mwaka 1842 bunge likapitisha sheria ya kukataza wanawake, wasichana, na wavulana chini ya miaka 10 wasifanye kazi chini ya ardhi. Aliyeipigania sheria hiyo alikuwa Lord Ashley, Mkristo wa kanisa letu la Anglikana.

Angalieni mpango wa jambo hilo. Kwanza watoto walikufa, kisha majina yao yakaandikwa, kisha watu wenye dhamiri wakaona haya, na ndipo sheria ikabadilika. Haki haikuja mpaka wachimbaji walipoacha kuwa kundi tu, wakawa watu wenye majina. Na sisi tunapomficha babu yetu, tunamrudisha katika lile kundi lisilo na jina.

Sasa turudi Dandora. Mtaa huu ulianza kwa mradi ambao serikali ilitia mkataba na Benki ya Dunia mwaka 1975. Ploti 6,000 zilipimwa, zikawekewa maji, choo na bafu, na mwenye ploti akaachiwa ajenge vyumba mwenyewe kwa nguvu zake. Mikono iliyojenga Dandora ilikuwa mikono ya watoto wa vibarua, watoto wa wachimbaji, watoto wa wachongaji mawe. Mwaka huo huo wa 1975, karibu na hapo, mahali palipokuwa timbo la kuchimba mawe, Baraza la Jiji lilianza kumwaga taka za Nairobi.

Mnaona, ndugu? Shimo lilitoa mawe yakajenga mji, kisha mji ukarudisha takataka zake katika shimo. Leo halionekani tena kuwa shimo, ni vilima vinavyotoa moshi usiku na mchana. Na juu ya vilima hivyo wako wachimbaji. Wana gunia na chuma kilichopindwa, na wanachimba chupa, plastiki, waya na mifupa, wapate kuuza kwa kilo. Wamo mama zao watoto, wamo vijana, na wamo watoto ambao wangekuwa darasani.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi wa jaa hilo. Watoto 328 wa sehemu za karibu walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Risasi hudhuru akili ya mtoto anayekua. Basi yale ya Rosterman hayajaisha. Babu aliingiwa na vumbi la dhahabu ambayo hakuivaa, na kitukuu anaingiwa na sumu ya vitu ambavyo hakuvinunua.

Ndiyo maana lile swali la nyanya lilikuwa zito. Jamaa ile ilikuwa imewaficha watu wawili kwa siku moja: mmoja aliyekufa na mmoja aliye hai, na sababu ilikuwa ile ile. Mtu anayeona haya kwa shimo la babu yake hawezi kukaa meza moja na ndugu yake aliye shimoni leo.

Neno la Mungu linatufundisha njia nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli aliyepata mavuno aliagizwa kupeleka malimbuko katika kikapu. Mbele ya kuhani, kikapu kikiwekwa chini, alipaswa kukiri kwa sauti kwamba baba yake alikuwa Mwarami wa kutangatanga, karibu kupotea, na ya kuwa watu wake walitumikishwa kwa ukali Misri mpaka Bwana alipowatoa. Aliyasema hayo siku ya kushiba kwake! Hakuruhusiwa kuja na kikapu kilichojaa na historia iliyopambwa. Na baada ya kukiri aliagizwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni, na kuwagawia yatima na wajane. Akiisha kumkiri babu yake maskini, mlango wake ulikuwa umefunguliwa kwa maskini wa sasa. Mambo hayo mawili Mungu aliyafunga pamoja.

Na Bwana wetu mwenyewe je? Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu hawafichi wale ambao sisi tungewaficha. Yumo Tamari, yumo Rahabu wa Yeriko, yumo Ruthu mgeni wa Moabu, yumo aliyekuwa mke wa Uria. Mwana wa Mungu hakuona haya kuwaita hao jamaa yake. Sisi ni nani basi, tumfute babu kwa sababu alishika nyundo badala ya kalamu?

Tuseme jambo moja ili tusieleweke vibaya. Hatusemi tuwaombe wazee waliokufa, wala tuwamwagie tambiko. Aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu. Kuwakumbuka kwa kweli ni kutimiza amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wala hatusemi tuyasifu mateso yao kana kwamba yalikuwa mema. Vumbi lile lilikuwa baya, na sheria ile ya 1932 ilikuwa dhuluma. Tunachosema ni kwamba Mungu alikuwa pamoja nao shimoni, na kwa rehema zake sisi tupo.

Basi tufanye nini? Tuna maneno matatu.

La kwanza, tuulize. Wazee wanaondoka, ndugu, na kila mmoja anakwenda na kitabu kizima. Jumapili hii baada ya ibada, kaeni na nyanya au babu mkamwulize: Baba yako alifanya kazi gani? Alilipwaje? Aliugua nini? Msimkatize, wala msimsahihishe anapotaja jambo la aibu.

La pili, tuandike. Chukueni daftari, au zile kurasa tupu za Biblia ya nyumbani, mwandike jina la mzee huyo na kazi yake ya kweli. Kama kipande chake cha zamani kimebaki sandukuni, kitunzeni. Kama alikuwa mchimbaji, andikeni mchimbaji. Karani aandikwe karani, mpishi aandikwe mpishi, na mama aliyeuza mboga aandikwe hivyo. Watoto wenu watakapokutana na shida watajua kwamba wametoka kwa watu waliozoea kupasua mwamba.

La tatu, ndilo gumu, tumwite aliye shimoni. Kila ukoo una mtu mmoja ambaye hualikwa msibani kuchimba kaburi lakini harusini hakumbukwi. Mwiteni. Aketi mezani pamoja na wengine, si nyuma ya nyumba na sahani yake. Na sisi watu wa Kanisa tusiishie kumpa nguo kuukuu. Tuuseme ubaya wa moshi ule mbele ya wakubwa wa jiji, tumsaidie mtoto wake abaki shuleni, tuhakikishe anayenunua chuma chake hamwibii kwenye mizani. Isaya hakuwaambia watu wote watazame mwamba. Aliwaambia wale wanaofuata haki. Anayelitazama shimo bila kutafuta haki amekwenda kutembea tu.

Msikilizaji, huenda wewe unayetusikia uko jaani sasa hivi, na redio ndogo imefungwa kwenye gunia lako. Wewe si taka. Huenda miaka 80 ijayo watoto wa watoto wako watasimama mbele ya watu wenye heshima wakiulizwa walianzia wapi. Tunamwomba Mungu awepo mmoja wa kusema bila kuinama, "Tulianzia Dandora, mzee wetu alichimba, na Mungu alimwona."

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemwita Ibrahimu akiwa mmoja ukamfanya wengi, tunakushukuru kwa wazee wetu waliofanya kazi gizani ili sisi tuione nuru. Utusamehe tulipowaonea haya. Uwakumbuke leo wote wanaochimba: katika migodi, katika timbo, na katika jaa la taka. Uwalinde watoto wao na sumu na moshi. Ulipe Kanisa lako kinywa cha kuwatetea, na meza pana ya kuwapokea. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, aliyezaliwa katika zizi na kufanya kazi ya seremala. Amina.

Amani ya Mungu ikae nanyi leo na siku zote.